Masikio ya kifaru yana siri yake

JUMAPILI iliyopita wazazi kadhaa wa mtaani kwetu tulichangishana pesa, tukakodi matatu na kuwapeleka watoto katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Si mwendo mrefu. Ukiondoka katikati ya jiji asubuhi, na barabara ya Lang'ata isiwe na msongamano, unafika langoni chai uliyokunywa ingali na joto tumboni. Hata hivyo, kati ya watoto tisa tuliokuwa nao, saba hawakuwa wamewahi kuingia humo. Twiga wao walikuwa wale wa vitabuni na kwenye televisheni.

Tulibeba chapati, mayai ya kuchemsha na soda. Twiga tuliwaona, pundamilia tukawaona, nao nyati wakatukodolea macho kama watu wanaotudai. Simba alikataa katakata kujitokeza. Lakini mwendo wa saa tano hivi, dereva alizima gari ghafla na kutuonyesha kwa kidole. Kando ya kichaka, hatua kama hamsini kutoka barabarani, alikuwa amesimama kifaru mweusi, akichuma majani kwa ule mdomo wake wa juu uliochongoka mithili ya kidole.

Watoto walinyamaza wote, jambo ambalo si la kawaida. Kisha mpwa wangu, mwana wa kaka yangu aliye Gredi ya Sita, akaninong'oneza: "Shangazi, mbona masikio yake yameliwa?"

Nilitazama vyema. Ni kweli. Sikio moja lilikuwa na pengo, na la pili lilikuwa na mapengo mawili, yote yamekatwa kwa umbo la herufi V. Mama mmoja alisema ni fisi waliomng'ata alipokuwa ndama. Baba mmoja akasema la, hayo ni majeraha ya madume kupigana. Nami nikawaunga mkono wote wawili ili mambo yaishe.

Hayakuisha. Tulipofika mahali pa kupumzikia, mpwa wangu hakungoja hata chapati. Alimwendea askari wa wanyamapori aliyekuwa kwenye zamu, akamwamkia, akamuuliza swali lile lile. Askari akacheka na kumwambia kwamba si fisi wala si vita. Kifaru yule alikatwa masikio na shirika lenyewe linalomlinda. Mtoto akanigeukia kwa mshangao: "Shangazi, kwani alifanya kosa gani?"

Msomaji mpenzi, swali hilo lilistahili jibu refu kuliko lile nililompa tukiwa tumesimama juani. Maana katika yale mapengo matatu mna habari yote ya kazi ambayo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, limekuwa likiifanya kwa zaidi ya miaka 30, kazi isiyotangazwa sana kwa kuwa haina kishindo. Leo basi namjibu mpwa wangu, na pengine mwanao pia.

BANDU BANDU HUISHA GOGO

Kifaru ni mnyama ambaye Waswahili wamemheshimu kwa lugha. Jina lake tumelipa gari la vita lile lenye mzinga na minyororo. Pembe yake huitwa kipusa, na neno hilo tumelichukua tukamsifu nalo msichana mrembo, kwa maana ya kitu adimu kinachowaniwa na wengi. Masikini kifaru, kuwaniwa huko ndiko kulikomponza.

Ukichunguza, kipusa si mfupa. Ni keratini, yaani kitu kile kile kinachofanya kucha na nywele zetu. Lakini kwa karne nyingi watu wa Mashariki ya mbali wameamini kwamba unga wake ni dawa ya homa na maradhi mengine, na kule Yemeni pembe hiyo ilichongwa ikawa mipini ya majambia ya wanaume wenye uwezo. Kwa hiyo mnyama wa tani nzima akawa anauawa na kuachwa aozee porini, ili mtu aondoke na kilo chache za kitu kisicho tofauti na kucha zake mwenyewe.

Mwaka wa 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Walikuwa wengi kiasi kwamba msafiri wa Tsavo aliwaona bila kuwatafuta. Kufikia 1987 hawakutimia 400. Tafadhali rudia kuzisoma tarakimu hizo. Katika muda ambao mtoto huzaliwa na kumaliza shule ya upili, tuliwapoteza vifaru 98 kati ya kila 100.

Si kwamba serikali ilikuwa imelala fofofo. Mwaka wa 1977 uwindaji ulipigwa marufuku kote nchini, na mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na nyara nyinginezo za wanyama ikafungwa. Lakini sheria iliyoandikwa kwenye karatasi haimzuii mtu mwenye bunduki na soko. Idara ya Wanyamapori ya wakati huo ilikuwa na magari mabovu na mishahara duni, na baadhi ya waliopewa kulinda walilaumiwa kwa kula njama na wawindaji haramu. Bandu bandu, gogo likawa linakwisha.

Mnamo 1989 Rais Daniel arap Moi alimteua Richard Leakey kuongoza idara hiyo. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, katika mbuga hii hii ya Nairobi, Rais aliwasha moto uliochoma tani 12 za pembe za ndovu mbele ya kamera za ulimwengu. Mwaka wa 1990 ukaanza na shirika jipya, KWS, lililoundwa na Bunge na kupewa uwezo wa kusimamia fedha zake lenyewe. Askari walipewa mafunzo kule Manyani, wakapewa magari yanayotembea na silaha za kukabiliana na majangili.

Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo watu wazima wengi tunaikumbuka, kwa kuwa ilikuwa na moto na milio ya bunduki. Sehemu iliyofuata ilikuwa ya utulivu zaidi, na ndiyo iliyookoa kifaru.

UA, KISHA KITAMBULISHO

Tatizo la wale vifaru wasiotimia 400 halikuwa uchache wao pekee. Walikuwa wametawanyika. Dume alikuwa bonde moja, jike mlima wa pili, na katikati yao nyika tupu na mtu mwenye bunduki. Kifaru wa namna hiyo hata akiishi miaka 30 hafai kitu kwa kizazi kijacho.

Kwa hiyo kuanzia katikati ya miaka ya 1980 iliamuliwa kwamba waliosalia wakusanywe na kuwekwa mahali panapolindika. Ziwa Nakuru lilizungushiwa ua wa umeme. Katika Tsavo Magharibi kukaanzishwa hifadhi ya Ngulia, iliyoanza na kijieneo cha kilomita 3 mraba tu kabla ya kupanuliwa kidogo kidogo. Mashamba ya kibinafsi nayo, kama vile Solio, yalikuwa yameshaanza kuwafuga vifaru ndani ya ua, na kutoka huko wengine walipelekwa Nakuru kuanzisha ukoo mpya. Hapa Nairobi mbuga ilikuwako tangu 1946, yenye kilomita 117 mraba na ua pande tatu. KWS ilirithi mpango huo ukingali mchanga ikaulea.

Lakini mchungaji yeyote atakwambia kwamba boma peke yake halitoshi. Lazima umjue kila mnyama wako. Wafugaji wetu wamekuwa wakikata alama masikioni mwa ng'ombe tangu jadi, ili ng'ombe akipotea ajulikane ni wa nani. KWS nayo hufanya vivyo hivyo kwa kifaru.

Kazi yenyewe huwa hivi. Ndama akikua na kukaribia umri wa kuachana na mamaye, helikopta hupaa alfajiri kabla ya jua kuwa kali. Daktari wa wanyama aliye ndani yake humfyatulia sindano yenye dawa ya kulevya. Baada ya dakika chache kifaru huyumba na kulala. Walio chini humkimbilia, wakamfunika macho kwa kitambaa asishtuke, wakammwagia maji asipatwe na joto, huku mmoja akihesabu pumzi zake. Daktari hukata vipande vidogo pembeni mwa sikio na kutia dawa. Kifaa kidogo cha elektroniki hutiwa ndani ya pembe, na sampuli za mwili huchukuliwa. Kisha hudungwa sindano ya kumzindua, watu wote hutimka, na baada ya muda mfupi kifaru huinuka akaenda zake akiwa na hasira lakini mzima.

Kila mahali pa pengo sikioni pana nambari yake. Ukizijumlisha unapata nambari ya kifaru. Kwa hiyo askari anayepiga doria akiwa na darubini na daftari hahitaji kumkaribia. Huandika: kifaru nambari fulani, saa fulani, kichaka fulani, yuko na ndama, hachechemei. Wale ambao hawajakatwa hutambuliwa kwa umbo la pembe na makovu. Kesho yake askari mwingine huandika tena. Akipita muda mrefu kuliko kawaida bila nambari fulani kuonekana, msako huanza.

Hii ndiyo kazi ambayo hatuioni kwenye habari za saa moja jioni. Ni watu kutembea kwa miguu, mvua na jua, mwaka baada ya mwaka, wakiandika mambo yale yale daftarini. Wako walioacha wajane na mayatima wakiifanya. Na ndiyo sababu Kenya ikitaja idadi ya vifaru wake haikisii kwa kuwatazama kutoka angani kama inavyofanywa kwa nyumbu. Inahesabu majina.

Hata sampuli zile zina faida. Tangu 2015 KWS ina maabara yake ya uchunguzi hapo Lang'ata. Pembe ikinaswa bandarini au uwanja wa ndege, wataalamu wanaweza kuipima na kulinganisha na kumbukumbu, wakajua imetoka kwa mnyama yupi. Mshukiwa aliyezoea kudai kwamba aliokota pembe njiani akawa na kibarua kigumu mahakamani. Sheria ya wanyamapori ya 2013 nayo ilileta adhabu nzito: kumuua mnyama aliye katika hatari ya kuangamia kulitiwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili.

HESABU YA KIFARU

Sasa tupige hesabu kidogo, na wanafunzi nawaomba mchukue kalamu.

Kuku akiatamia leo, baada ya siku 21 una vifaranga. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Kifaru hubeba mimba miezi 15 hadi 16, akazaa ndama mmoja tu. Ndama huyo hufuatana na mamaye miaka miwili hadi minne, na mama hazai mwingine hadi ipite miaka kama mitatu. Ndama akiwa jike, yeye mwenyewe huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka sita au saba.

Hii ina maana kwamba jike akishika mimba leo, mpwa wangu akiwa Gredi ya Sita, mjukuu wa jike huyo atazaliwa wakati kijana wetu akiwa chuo kikuu, Mungu akipenda. Na hapo pasiwe na ukame, pasiwe na maradhi, pasiwe na mtu mwenye bunduki.

Kutoka wale wasiotimia 400 wa 1987, hesabu ya wanyamapori ya kitaifa iliyofanywa 2021 ilipata vifaru weusi 897. Kufikia 2024 walikuwa wamepita 1,000. Ukichanganya na vifaru weupe, ambao asili ya wengi wao ni Afrika Kusini, Kenya sasa ni miongoni mwa nchi zenye vifaru wengi zaidi duniani. Mwaka wa 2020 hakuuawa hata kifaru mmoja na wawindaji haramu katika nchi nzima, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 20 na zaidi. Na tusisahau kwamba 2013, miaka saba tu kabla ya hapo, tulikuwa tumepoteza 59.

Ni ushindi, tena mkubwa. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Ilituchukua miaka 17 kuwaangamiza vifaru zaidi ya 19,000. Imetuchukua zaidi ya miaka 35 kuwaongeza 600 na ushei. Kubomoa kulifanywa na watu wachache wenye tamaa. Kujenga kunahitaji taifa zima lenye subira. Lengo ni kufikisha vifaru weusi 2,000 kufikia 2037, na hata hapo tutakuwa na mmoja tu kwa kila kumi waliokuwapo babu zetu wakiwa hai.

KOSA LA TSAVO

Nisije nikaonekana kana kwamba nalipigia debe shirika. Kazi ya miaka mingi inaweza kuharibiwa na uzembe wa wiki moja, na tuliyaona.

Hifadhi ya vifaru ikijaa, madume hupigana hadi kuuana na majike huacha kuzaa upesi. Kwa sababu hiyo lazima wengine wahamishwe wapelekwe penye nafasi. Mnamo 2018 vifaru 11 walitolewa Nairobi na Nakuru wakapelekwa hifadhi mpya Tsavo Mashariki. Maji ya huko yalikuwa na chumvi nyingi. Wanyama walipokunywa, kiu ikazidi, wakazidi kunywa yale yale. Kumi wakafa, na wa kumi na moja akavamiwa na simba. Wote 11 wakatoweka. Ukikumbuka hesabu tuliyoipiga hapo juu, utajua kwamba haikuwa hasara ya wanyama 11 pekee, bali na ya wana wao na wajukuu wao ambao hawatazaliwa. Nchi ilikasirika, uchunguzi ukafanywa na maafisa wakasimamishwa kazi.

Kufanya kosa si kosa, wasemavyo, kosa ni kurudia kosa. Mapema 2024 vifaru weusi 21 walitolewa Nairobi, Ol Pejeta na Lewa wakapelekwa Loisaba, kaunti ya Laikipia, mahali ambapo kifaru hakuwa amekanyaga kwa takriban miaka 50. Pengine ndugu ya yule tuliyemwona na watoto sasa anachuma majani kule.

Na kwa wanaodhani tuna muda wa kupoteza, funzo lipo hapo hapo Ol Pejeta. Machi 2018 alifariki Sudan, dume wa mwisho duniani wa vifaru weupe wa kaskazini. Wamebaki majike wawili tu, Najin na mwanawe Fatu. Wanasayansi wanahangaika kutengeneza viinitete katika maabara kwa mayai ya Fatu, wakisaidiana na KWS na wengine. Tunawaombea heri. Lakini mayai yale yanachukuliwa sasa kwa gharama kubwa kwa kuwa pengo lilionekana likiwa limeshakuwa pana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MJI UNAVYOSONGA

Tulipokuwa tukirudi langoni jioni, mpwa wangu alinionyesha jambo jingine. Kila alikogeuka aliona nyumba. Upande mmoja maghorofa ya jiji, upande wa pili mitaa mipya. Juu ya mbuga linapita daraja la reli, lenye urefu wa kilomita kama sita, lililoanza kutumika 2019. Upande wa kusini peke yake ndio usio na ua, na ndiko pundamilia na nyumbu wamekuwa wakitoka kwenda nyanda za Kitengela na kurudi. Huko nako viwanja vinauzwa na seng'enge zinatiwa kila mwaka.

Hili ni tatizo lisilomalizwa na askari wala helikopta. Sehemu kubwa ya wanyama wa Kenya huishi nje ya mbuga, katika ardhi ya watu. Mfugaji ambaye kondoo wake wameliwa na simba, au mkulima ambaye mahindi yake yamekanyagwa na ndovu usiku mmoja, hawezi kula fahari ya taifa. Sheria ile ya 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, lakini waliongoja malipo hayo kwa miaka ni wengi. Tukitaka mtu wa Kitengela au Taita aache njia ya wanyama wazi, ni lazima naye aone faida yake mezani, si kwenye hotuba. Hapo shirika na serikali bado wana deni, na inafaa tuwakumbushe.

NA SISI WA MJINI JE?

Huenda ukauliza, mimi wa Umoja au Kangemi nisiye na shamba wala bunduki nifanyeje? Nitakujibu kwa kumtaja Michael Werikhe.

Werikhe alikuwa mtu wa Mombasa. Alipokuwa kijana aliwahi kufanya kazi katika ghala la serikali lililohifadhi pembe za ndovu na za vifaru, akachukizwa na alichokiona. Baadaye aliajiriwa katika kiwanda cha kuunganisha magari. Hakuwa tajiri, hakuwa mwanasayansi. Desemba 1982 alianza kutembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Nairobi, akiwaeleza watu njiani habari za kifaru anavyokwisha. Baadaye alitembea nchi za Afrika Mashariki, kisha Ulaya, kisha Amerika, akichangisha fedha za hifadhi za vifaru. Ulimwengu ukamwita Mtu wa Vifaru, na mwaka wa 1990 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Alifariki Agosti 1999 baada ya kuvamiwa na watu karibu na nyumbani kwake. Aliona idadi ikianza kupanda, lakini hakuishi kuiona ikipita 1,000.

Hatuwezi sote kutembea kama Werikhe. Lakini kiingilio tunacholipa langoni ni sehemu ya mshahara wa yule askari mwenye daftari. Wageni kutoka ng'ambo walipokosekana 2020 kwa ajili ya korona, mifuko ya mbuga ilikauka, na hapo ikaonekana kwamba si busara kuwaachia watalii mzigo wote. Basi badala ya kila sikukuu kuishia kwenye maduka makubwa, changeni na majirani mkodi gari. Mwalimu naye aangalie kama shule yake ina klabu ya wanyamapori. Klabu hizo zimekuwako Kenya tangu 1968, na zilianzishwa na wanafunzi wenyewe. Na tukisikia kwamba njia ya wanyama inanyakuliwa, tusiseme hayo ni mambo ya Wamaasai na wazungu.

Jumatatu jioni mpwa wangu alinionyesha daftari lake. Alikuwa amechora kichwa cha kifaru, pengo moja sikio hili, mapengo mawili sikio lile, na chini yake ameandika tarehe, saa na mahali tulipomwona, kama afanyavyo askari. Akaniuliza tena lile swali lake, maana nilikuwa sijalijibu.

Nikamwambia: hakufanya kosa lolote. Kosa tulilifanya sisi, kabla hujazaliwa. Yeye alikatwa masikio ili siku asipoonekana, awepo mtu wa kumuulizia.

Alifikiri kidogo, kisha akataka kujua tutarudi lini kumwangalia kama bado yupo. Nimemwahidi mwisho wa muhula. Nawe msomaji, waulize wa nyumbani kwako wao watakwenda lini.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.